Kubadilishana Mafaili ya Tafsiri baina ya Programu Saidizi: Suala la Kiswahili, Kisukuma na Mkulima wa Simiyu

1.0 Utangulizi



Awali ya yote natoa shukrani kwa uamuzi wa kuuleta mhadhara huu Bariadi. Mihadhara ya umma kuhusu taaluma za Kiswahili imezoeleka kutolewa katika kumbi za vyuo vikuu, mbele ya wale ambao tayari wanazungumza lugha ya vyuo vikuu. Kuutoa hapa, katika mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 2, kunatulazimisha wanaisimu tueleze faida ya kazi yetu kwa watu wasiolipwa mshahara ili watusikilize.

Mada niliyoichagua inaweza kuonekana kuwa ya mafundi peke yao. Nakusudia kuzungumzia namna mafaili ya tafsiri yanavyopita, au yanavyoshindwa kupita, kutoka programu moja saidizi ya tafsiri kwenda nyingine. Nitajaribu kuonyesha kwamba suala hili linamfikia hata mkulima wa pamba wa Itilima, Maswa au Meatu ambaye hajawahi kuigusa kompyuta. Hoja yangu ni hii: mafaili ya kubadilishana tafsiri huhifadhi maneno vizuri, lakini mara nyingi hupoteza ushahidi kuhusu maneno hayo, yaani yalisemwa juu ya kitu gani, kwa wasomaji gani, na kama yalihakikiwa au la. Hasara hiyo huipata kila lugha. Kwa lugha za Kibantu, zenye ngeli na upatanisho wa kisarufi, hasara ni kubwa zaidi.

2.0 Programu saidizi na asili ya tatizo

Programu saidizi ya tafsiri si mashine inayotafsiri yenyewe. Ni chombo kinachoikata matini chanzi katika vipande, kwa kawaida sentensi moja moja, kisha kuhifadhi kila kipande pamoja na tafsiri iliyoandikwa na mfasiri. Kipande kama hicho kikitokea tena, hata baada ya miaka 10, programu humkumbusha mfasiri alichokiandika. Hazina hiyo ya jozi za sentensi ndiyo iitwayo kumbukumbu ya tafsiri. Wazo la mfasiri kusaidiwa na kompyuta badala ya kuondolewa na kompyuta lilitetewa mapema na Martin Kay, mwanaisimu aliyeandika mwaka 1980 akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani. Kampuni ya Trados ilianzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1984, na katika miaka ya 1990 programu za aina hii zikaenea miongoni mwa wafasiri wa Ulaya.

Kila kampuni ilihifadhi kumbukumbu kwa namna yake. Mfasiri aliyefanya kazi miaka mitano katika programu moja hakuweza kuihamishia kazi yake katika programu nyingine bila taabu. Hali hiyo ndiyo iliyowafanya wadau wakutane. Chini ya jumuiya ya LISA, iliyoanzishwa mwaka 1990, ulitayarishwa mwishoni mwa muongo huo muundo wa pamoja uitwao TMX, na toleo lake la 1.4b likatolewa mwaka 2005. LISA yenyewe ilifungwa mwaka 2011, lakini muundo iliouacha bado unatumika. Shirika la OASIS nalo lilitoa muundo wa XLIFF: toleo la 1.2 liliidhinishwa mwaka 2008 na toleo la 2.0 mwaka 2014. Mwaka 2017 XLIFF ikawa kiwango cha kimataifa chini ya namba ISO 21720. Kwa upande wa istilahi upo muundo wa TBX, uliopewa namba ISO 30042 mwaka 2008.

Sisi wa Afrika Mashariki hatupaswi kuuona mkasa huu kuwa mgeni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo asili ya TUKI na sasa TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusanifisha tahajia, ili kitabu kilichochapwa Nairobi kisomeke Dar es Salaam na Kampala. Tunaweza kubishana juu ya yaliyopotea katika usanifishaji ule, na wanaisimu wamebishana kwa miongo mingi. Hata hivyo, hakuna anayekana kwamba bila makubaliano ya namna ya kuandika, vitabu visingevuka mipaka. TMX na XLIFF ni makubaliano ya aina hiyo hiyo, isipokuwa wanaosoma ni kompyuta.

3.0 Ghala na lori

Kwa kuwa tupo katika mkoa wa pamba, nitatumia mfano wa pamba. TMX ni kama ghala. Ndani yake mna jozi za sentensi zilizokusanywa kutoka kazi nyingi, na kila jozi ina lebo chache: lugha, tarehe, na pengine jina la aliyeiandika. XLIFF ni kama lori linalobeba mzigo mmoja ulio njiani: ndani yake mna matini moja mahususi, kwa mpangilio wake, ikiwa na sehemu zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa bado, maelezo ya mfasiri, na alama zinazoonyesha kazi imefikia hatua gani.

Tofauti hii ni ya msingi, na wafasiri wengi wanaoanza huichanganya. Anayetaka mwenzake aendeleze kazi aliyoiacha nusu ampe XLIFF. Anayetaka mwenzake afaidike na kazi za miaka iliyopita ampe TMX. Anayempa TMX mtu aliyehitaji XLIFF amempa pamba iliyochanganywa ghalani, bila kumwambia ilitoka shamba gani.

Kwa bahati mbaya, malori nayo hayafanani. Programu kubwa zimeongeza mambo yao juu ya XLIFF: Trados ina faili lake la SDLXLIFF, memoQ ina MQXLIFF. Yote mawili yamejengwa juu ya XLIFF, na programu nyingine inaweza kuyafungua, lakini yale yaliyoongezwa na mwenye programu huenda yasieleweke upande wa pili, au yakapotea faili linaporudishwa.

4.0 Yanayopotea njiani

4.1 Mipaka ya sentensi

Kumbukumbu ya tafsiri husaidia tu ikiwa programu mbili zinaikata matini chanzi mahali pamoja. Tuchukue sentensi ya kijitabu cha kilimo kinachotafsiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma: “Mwulize Bw. Shamba kabla ya kupulizia dawa.” Programu ya kwanza, ikiona nukta inayofuatwa na herufi kubwa, huamua kwamba sentensi imekwisha baada ya “Bw.” Programu ya pili, iliyofundishwa kwamba “Bw.” ni kifupisho, huiacha sentensi nzima. Mfasiri wa kwanza atahifadhi vipande viwili visivyo na maana kamili. Wa pili, akiipokea kumbukumbu ile, hatapata chochote kinacholingana. Matatizo ya namna hii huletwa pia na “Dkt.”, “n.k.”, “k.m.” na “Mh.” Upo muundo uitwao SRX wa kubadilishana kanuni za ukataji. Kanuni hizo hazijitungi zenyewe. Lazima watu wanaojua Kiswahili wakae chini na kuziandika.

4.2 Upatanisho wa kisarufi

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Kiingereza husema “Keep it dry” kwa kitu chochote. Kiswahili hakina sentensi moja ya kulingana na hiyo. Kwa dawa au mbegu tutasema “Iweke pakavu”, kwa gunia, “Liweke pakavu”, kwa kipimo, “Kiweke pakavu”, kwa mfuko, “Uweke pakavu.” Zote ni tafsiri sahihi, na kila moja ni kosa nje ya mahali pake. Kumbukumbu ikihifadhi “Liweke pakavu” kutoka kijitabu cha maghala, siku ya kutafsiri kijitabu cha dawa programu itamwambia mfasiri kwamba ulinganifu ni asilimia 100. Asilimia hiyo inahusu Kiingereza. Haisemi neno juu ya Kiswahili.

Programu nyingi za kisasa hujaribu kutatua hili kwa kuhifadhi pia kipande kilichotangulia na kinachofuata. Hilo ni jambo jema. Lakini kila programu huhifadhi taarifa hiyo kwa lebo zake yenyewe, na kumbukumbu inapotolewa kwa TMX na kuingizwa katika programu nyingine, lebo hizo mara nyingi hupuuzwa. Maneno yamefika, muktadha umebaki nyumbani. Mzungumzaji wa Kiingereza au Kifaransa anaweza kupata hasara ndogo. Mzungumzaji wa Kiswahili au Kisukuma, ambaye kitenzi chake hakikamiliki bila kiambishi cha ngeli, amepoteza sehemu ya sarufi.

Jambo hili lilikwishajitokeza katika tafsiri za programu za kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kiofisi katika Kiswahili. Katika tafsiri za programu huria hutumika sana mafaili ya PO, yenye orodha ndefu ya maneno na sentensi fupi zilizotengwa na mahali pake. Neno “new” likisimama peke yake katika orodha kama hiyo, mfasiri hajui kama aandike mpya, jipya, kipya au pya kwa kiambishi kingine. Aidha, idadi inapoingizwa na kompyuta, lazima pawe na nafasi ya “Faili 1 limefutwa” na ya “Mafaili 5 yamefutwa.” Mafaili ya PO yana utaratibu wa umoja na wingi. Yakigeuzwa kuwa muundo mwingine na kigeuzi kisichoujua utaratibu huo, umoja na wingi huweza kuchanganywa.

4.3 Jina la lugha

Kila jozi katika TMX hubeba msimbo wa lugha. Kiswahili kinaweza kuandikwa sw, sw-TZ au sw-KE. Kwa programu isiyo na busara, hizo ni lugha tatu. Kumbukumbu iliyotayarishwa Nairobi ikiwa na sw-KE inaweza kukataliwa na mradi wa Bariadi wenye sw-TZ, ilhali mfasiri wa Bariadi angeisoma bila shida yoyote. Katika orodha ya ISO 639-3, swa ni jina la jumla, swh ni Kiswahili cha pwani na swc ni Kiswahili cha Kongo. Kisukuma kina msimbo wake, suk. Hata hivyo, zipo programu ambazo orodha yake ya lugha imefungwa, na lugha isiyokuwemo haipokelewi. Mfasiri hulazimika kuitia kazi ya Kisukuma chini ya jina la lugha nyingine. Atakayelipokea faili hilo baadaye atakuta lugha moja imevaa jina la jirani yake.

4.4 Herufi

Kiswahili kina irabu tano na hakihitaji herufi za ziada. Kisukuma kina irabu saba, pamoja na toni, kama inavyoelezwa katika uchambuzi wa fonolojia na mofolojia yake uliochapishwa na Profesa Herman Batibo mwaka 1985. Maandishi ya Kisukuma yamefuata njia zaidi ya moja: wapo wanaoandika kwa herufi tano na kumwachia msomaji abainishe, na wapo wanaotumia herufi au alama za ziada. Zamani herufi hizo ziliwekwa kwa fonti za kubuni, kwa kukalia nafasi ya herufi nyingine. Faili kama hilo likifunguliwa katika kompyuta isiyo na fonti ile, maandishi hugeuka uchafu. Mfumo wa Unicode umeliondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa, na TMX na XLIFF zote huutumia. Limebaki tatizo dogo lakini sugu: irabu yenye alama juu yake inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama herufi na alama mbalimbali. Kwa macho ni kitu kimoja; kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti, na ulinganifu hushindikana.

4.5 Hali ya uhakiki

La mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. XLIFF 2.0 ina alama za kuonyesha kama kipande ni cha awali, kimetafsiriwa, kimehakikiwa au kimekamilika. TMX haina alama ya lazima ya namna hiyo. Rasimu ya mwanafunzi na tafsiri iliyopitiwa na mtaalamu wa kilimo zikiingia ghalani pamoja, zinatoka zikiwa na sura moja.

Tuchukulie kwamba kijitabu cha kudhibiti funza wa vitumba kinatafsiriwa na watu wawili. Mmoja anaandika kipimo cha dawa kwa bomba la lita 15, mwingine anapokea kumbukumbu hiyo kwa ajili ya kijitabu kingine, cha bomba la lita 20. Sentensi zinatofautiana kwa tarakimu tu, na programu inatoa ulinganifu wa juu sana. Zipo programu zinazobadilisha tarakimu zenyewe, na zipo zisizobadilisha. Mfasiri aliyezoea programu ya kwanza, akihamia ya pili, anaweza kuuamini msaada ambao haupo. Kosa la ngeli humchekesha msomaji. Kosa la kipimo huunguza zao, humpotezea mkulima fedha za msimu mzima, au humdhuru yeye na watoto wake. Ndiyo sababu nasema kwamba suala hili si la mafundi peke yao.

5.0 Mali ni ya nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu ya tafsiri ni mali, na ni daftari pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaitambua tafsiri kuwa kazi inayolindwa. Hata hivyo, mikataba mingi ya kazi za tafsiri niliyoonyeshwa na wafasiri haisemi chochote juu ya kumbukumbu: kama itabaki kwa mfasiri, itakwenda kwa mteja, au kwa wote wawili. Mradi unapofungwa, kompyuta hugawanywa, leseni ya programu humalizika, na miaka ya kazi hubaki katika faili ambalo hakuna anayeweza kulifungua.

Hasara hiyo inaongezeka thamani. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliidhinisha kitumike kama lugha yake rasmi ya kazi. Matini za kutafsiriwa ni nyingi kuliko wakati wowote. Aidha, mashine za kutafsiri za leo hujifunza kutokana na jozi za sentensi kama zile zilizomo katika kumbukumbu zetu. Jozi nzuri zikifungiwa makabatini, mashine zitajifunza kutokana na jozi mbovu zilizo wazi, kisha zitaturudishia Kiswahili hicho kibovu. Kwa Kisukuma, chenye mamilioni ya wazungumzaji lakini matini chache katika kompyuta, kila jozi inayopotea ni pigo.

6.0 Mapendekezo

Napendekeza mambo matano, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mkataba wa tafsiri unaogharimiwa na fedha za umma utamke kwamba mfasiri atakabidhi matini iliyokamilika pamoja na TMX yake, na kwamba yeye mwenyewe atabaki na nakala.

Pili, asasi zinazoshughulikia lugha, zikiwemo BAKITA na TATAKI, zitayarishe kanuni za ukataji wa sentensi za Kiswahili katika muundo wa SRX, pamoja na orodha ya vifupisho vyetu, na kuzitoa bure.

Tatu, tukubaliane juu ya misimbo ya lugha. Ushauri wangu ni kutumia sw pale ambapo matini haina sababu ya kubagua nchi, na suk kwa Kisukuma bila kukificha chini ya jina jingine.

Nne, kila kipande chenye kiwakilishi au kiambishi kinachorejelea kitu kisichotajwa kiandikiwe maelezo mafupi: dawa, gunia, kipimo. Dakika moja ya mfasiri wa leo humwokolea mfasiri wa kesho saa nzima. Vipande vyenye vipimo vya dawa visitumiwe tena bila kusomwa upya na mtaalamu, hata programu iseme nini.

Tano, vyuo vifundishe stadi hizi kwa programu huria. OmegaT, iliyoanzishwa na Keith Godfrey mwaka 2000, haiuzwi, hufanya kazi katika mifumo mbalimbali ya kompyuta, na huihifadhi kumbukumbu ya mradi moja kwa moja katika TMX. Mwalimu wa sekondari hapa Bariadi anaweza kuanza nayo bila kusubiri bajeti. Akihitaji baadaye kuhamia programu ya kulipia, ataondoka na mali yake mkononi.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeeleza kwamba miundo ya kubadilishana tafsiri imefanikiwa kuvusha maneno, na kwamba kazi iliyobaki ni kuvusha ushahidi kuhusu maneno hayo. Miundo hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na lugha zao akilini. Hakuna haja ya kuwalaumu. Kila mtu hujenga nyumba kwa kimo chake. Wajibu wa kueleza kwamba Kiswahili na Kisukuma vina ngeli, vina vifupisho vyake na vina herufi zake ni wetu sisi tunaozisema lugha hizi. Nafasi ya maelezo imo tayari ndani ya mafaili. Mara nyingi huachwa tupu kwa sababu hakuna aliyetufundisha kuijaza.

Robota la pamba linalotoka kiwanda cha kuchambulia pamba cha mkoa huu hupokelewa na msokotaji wa nchi ya mbali asiyejua Kiswahili wala Kisukuma. Hulielewa kwa sababu limepimwa, limepangiwa daraja na limebandikwa alama ambayo pande zote mbili zimeikubali. Kazi ya mfasiri wa Simiyu inastahili kupimwa na kubandikwa alama kwa uangalifu huo huo, ili itakapofika kwa mwenzake wa Mwanza, Mombasa au Bukavu, isomwe kama alivyokusudia.